Vyama Vilivyochokwa: Brexit na Hasira za Mpiga Kura wa Uingereza

(Hotuba kwa wakaazi wazungumzao Kiswahili, Leicester)

Wazee wetu, mama zetu, shikamooni. Ndugu na vijana, habari za jioni.

Niliposimama na mwenyekiti akataja Brexit, nimeona nyuso mbili tatu hapo mbele zikikunjamana, kama kusema: bado tu hayo mambo? Nawaelewa. Sikuja kuwaambia kama kutoka Umoja wa Ulaya kulikuwa kuzuri au kubaya. Humu ndani tuko wa pande zote mbili na chakula bado hakijaletwa. Nimekuja kuzungumzia jambo la pembeni kidogo, ambalo kwa maoni yangu limedumu kuliko Brexit yenyewe. Ni namna wapiga kura wa nchi hii walivyochoshwa na vyama vyao.

Tuanze na ukumbi huu. Tarehe 23 Juni 2016, siku ya kura ya maoni, sheria iliwaruhusu raia wa Jumuiya ya Madola wanaoishi hapa kihalali kupiga kura. Kwa hiyo Mtanzania, Mkenya, Mganda na Mnyarwanda walipiga, hata kama hawajaigusa pasi ya Uingereza. Mrundi hakupiga. Mkongomani mwenye pasi ya Ubelgiji, aliyelipa kodi hapa miaka na miaka, hakupiga. Wala Msomali aliyehamia Leicester kutoka Uholanzi na watoto wake. Swali lilikuwa juu ya hatima yao, tukalijibu sisi. Nawakumbusha hilo mapema ili tusijifanye watazamaji. Mji huu uligawanyika karibu katikati, asilimia 51 wakitaka kubaki, na baadhi ya kura hizo, za huku na za kule, zilitoka kwetu.

Wengi wetu tunajua kwa nini baadhi ya ndugu zetu walipiga kura ya kutoka. Nimewasikia kwa masikio yangu kwenye misiba na harusi. Wanasema: mtu wa Ulaya anashuka uwanja wa ndege na begi lake, kesho yuko kazini, na mimi nimehangaika na viza ya mama yangu mpaka nywele zimeota mvi. Hiyo ilikuwa hoja ya haki, na walioipigia debe waliijua thamani yake. Angalieni majina. Priti Patel, ambaye wazazi wake walitoka Uganda. Rishi Sunak, baba kazaliwa Kenya, mama kazaliwa Tanganyika. Wote wawili walikuwa upande wa kutoka. Hilo nitalirudia, maana lina mwisho wake.

Sasa, ugomvi huu ulianzia wapi? Ulianzia ndani ya chama kimoja. Chama cha Conservative kimekuwa kikigombana juu ya Ulaya tangu vijana wengi humu hawajazaliwa. Januari 2013 waziri mkuu, David Cameron, akaahidi kwamba akishinda uchaguzi ujao ataitisha kura ya maoni. Wabunge wake walikuwa wakimsumbua, na nje kulikuwa na UKIP, chama cha Nigel Farage cha kutaka kutoka Ulaya, kikimnyemelea. Mwaka 2014 UKIP ikaongoza nchi nzima katika uchaguzi wa Bunge la Ulaya. Cameron alitaka kutuliza nyumba yake. Ni sawa na ndugu wanaogombania kiwanja cha urithi miaka thelathini, wakishindwa kuelewana wanatoka barazani na kuwaambia majirani: haya, amueni nyinyi, ila msituulize mipaka iko wapi.

Maana karatasi ile ya kura haikuwa na mipaka yoyote. Kubaki au kutoka, basi. Kutoka vipi? Kubaki kwenye soko la pamoja au la? Mpaka wa Ireland Kaskazini na Jamhuri ya Ireland utakuwaje, ule uliotulizwa na mkataba wa amani wa 1998? Hakuna. Kulikuwa na basi jekundu lenye maandishi ya pauni milioni 350 kwa wiki, fedha zinazodaiwa kwenda Ulaya ambazo afadhali ziende hospitalini. Upande wa pili kulikuwa na waziri wa fedha akitishia bajeti ya dharura. Watu waliuziwa mbuzi kwenye gunia, na wauzaji walikuwa wawili.

Matokeo mnayajua: asilimia 51.9 kutoka, 48.1 kubaki. Waliojitokeza walikuwa asilimia 72, zaidi ya uchaguzi mkuu wa mwaka uliotangulia. Hapo nisimame kidogo, kwa sababu hapa ndipo wachambuzi wengi wanapita mbio. Kulikuwa na watu mitaa ya Sunderland na Boston ya hapahapa Uingereza ambao walikuwa wameacha kupiga kura miaka mingi, na siku hiyo walikwenda. Kwa nini? Kwa sababu kwa mara ya kwanza kura yao ilikuwa na uzito sawa na ya mtu mwingine yeyote. Katika uchaguzi wa bunge, mwenye kura nyingi katika jimbo anachukua jimbo zima, za wengine zinapotea. Utaratibu huo tunaujua, tuliurithi kwao. Mwaka 2015 UKIP ilipata kura karibu milioni 3.9 na ikaambulia mbunge mmoja. Chama cha wazalendo wa Scotland kilipata kura milioni moja na nusu kasoro, wabunge 56. Ukiwa ni mmoja wa wale milioni 3.9, ungejisikiaje? Kura ya maoni haikuwa na majimbo. Kila kichwa kilihesabiwa.

Asubuhi yake Cameron akabwaga manyanga. Aliyewauliza swali ndiye wa kwanza kuondoka baada ya kusikia jibu. Mimi naamini kwamba imani nyingi ilipotea asubuhi ile, hata kwa wale waliofurahia ushindi.

Mkidhani nawaonea Conservative, subirini. Kwa Labour, chama kikuu cha upinzani wakati ule, hali ilikuwa mbaya zaidi kwa namna fulani, kwa sababu wao walikuwa na miguu miwili iliyokuwa ikienda pande tofauti. Islington, anakotoka kiongozi wao Jeremy Corbyn, watu watatu kati ya wanne walitaka kubaki. Sunderland, ambako wabunge wote walikuwa wa Labour, asilimia 61 walitaka kutoka. Hao wote ni wapiga kura wa chama kimoja, walipewa kadi moja, waliimba wimbo mmoja. Chama kilichojengwa juu ya mshahara, kazi na nyumba kikakuta watu wake wanagombana juu ya jambo ambalo katiba yake haikulitaja. Corbyn mwenyewe alipoulizwa kabla ya kura anaupenda Umoja wa Ulaya kiasi gani, alijipa alama saba au saba na nusu kati ya kumi. Ni jibu la ukweli, nadhani. Lakini kwenye kampeni, mtu wa saba kati ya kumi hasikiki.

Ikafika 2017, Theresa May, aliyemrithi Cameron, akaitisha uchaguzi wa mapema akitafuta wingi mkubwa zaidi, akapoteza hata ule aliokuwa nao. Ikabidi aegemee wabunge kumi wa chama cha DUP cha Ireland Kaskazini, na serikali ikatenga pauni bilioni moja za ziada kwa ajili ya huko. Kwenye simulizi za hasira za watu nimesikia hiyo bilioni ikitajwa kuliko kitu chochote. Na kuna jambo la kushangaza ndani ya uchaguzi ule: Conservative na Labour kwa pamoja walipata zaidi ya asilimia 80 ya kura, jambo ambalo halijaonekana kwa miongo mingi. Vyama vyote viwili vilisema kwenye ilani vitaheshimu kura ya maoni. Ukiangalia juu juu ungesema watu wamerudi nyumbani kwenye vyama vyao. Kumbe walikuwa wamevipa nafasi ya mwisho.

Halafu ikaja 2019, mwaka wa danadana.

Mnakumbuka tulivyokuwa tunaangalia bunge kwenye televisheni kama watu wanavyoangalia mpira. Kinyozi wangu hapa mtaa wa Narborough, ambaye hajawahi kunitajia siasa, alikuwa anazima mashine kila Spika Bercow anapopiga ukelele wa kutaka utulivu. Januari 15, mkataba wa May wa kutoka Umoja wa Ulaya ulikataliwa kwa kura 432 dhidi ya 202. Serikali haijawahi kushindwa vibaya kiasi hicho katika historia ya bunge lile la siku hizi. Machi 12, ukakataliwa tena. Machi 29, siku ambayo mwanzoni nchi ilipangiwa kutoka, ukakataliwa mara ya tatu.

Katikati ya hapo kulikuwa na usiku mmoja ambao ningependa kila mwanafunzi wa siasa ausome. Machi 27, wabunge walichukua ratiba kutoka mikononi mwa serikali wakasema: sawa, sisi wenyewe tutafute njia. Wakawekewa mapendekezo manane. Wakapewa karatasi, kila mmoja aweke ndiyo au hapana kwa kila pendekezo. Kutoka bila mkataba: hapana, 400 kwa 160. Ushirikiano wa forodha: hapana. Kurudi kwa wananchi kuwauliza tena: hapana. Kufuta kabisa safari: hapana. Manane yote, hapana. Aprili 1 wakajaribu tena na mapendekezo manne. La forodha likaanguka kwa kura tatu tu, 276 dhidi ya 273. Mbunge mmoja wa Conservative, Nick Boles, aliyekuwa amehangaika kutafuta mwafaka, akasimama akasema ameshindwa, na ameshindwa hasa kwa sababu chama chake hakitaki kulegeza kamba, kwa hiyo hawezi tena kukaa nacho. Akakusanya vitu vyake akatoka nje ya ukumbi.

Mkulima wa Lincolnshire aliyetaka kutoka alitazama usiku ule akasema: wananizuia. Mwalimu wa London aliyetaka kubaki alitazama usiku uleule akasema: wananipeleka kubaya, na hawajui wanakonipeleka. Walikuwa maadui, na wote wawili walikuwa wanaona kitu kilekile. Watu zaidi ya milioni sita walitia saini ombi la kusimamisha safari yote. Mwezi Aprili taasisi ya Hansard Society ikatoa utafiti wake wa kila mwaka: asilimia 54 wanataka kiongozi mwenye nguvu aliye tayari kuvunja kanuni, na nusu wanaamini vyama vikubwa na wanasiasa hawawajali watu kama wao. Kuvunja kanuni! Hao ni Waingereza, ambao foleni ya basi kwao ni kama ibada.

Sasa nataka mnisikilize vizuri kwenye sehemu hii, kwa sababu ndiyo kiini cha niliyoyabeba. Mpiga kura aliyekasirika ana chombo kimoja tu, nacho ni kipande cha karatasi na penseli iliyofungwa kwa uzi. Kile kipande hakina mahali pa kuandika sababu. Na kama hakuna uchaguzi wa jambo linalokuudhi, unatumia uchaguzi wowote uliopo.

Tarehe 2 Mei 2019 kulikuwa na uchaguzi wa madiwani. Madiwani wanashughulika na mapipa ya taka, barabara zenye mashimo, huduma za wazee. Conservative wakapoteza madiwani zaidi ya 1,300. Labour, ambao kama chama cha upinzani kwa kawaida wangevuna hapo, nao wakapoteza. Kura nyingi zilikutwa zimechorwachorwa, nyingine zina matusi. Madiwani waliohudumia mtaa miaka ishirini, watu waliojua jina la kila mzee, wakafagiliwa kwa kosa la bunge. May na Corbyn wote wakatoka wakasema wamesikia, ujumbe wa wananchi ni kwamba Brexit imalizwe haraka. Haya, nani alivuna? Liberal Democrats walioongeza viti zaidi ya 700, na Greens. Vyama viwili vilivyokuwa vinasema Brexit isifanyike! Mtu anakuandikia barua, unaifungua, unasoma ulichotaka kusoma. Wapo pia waliopiga kura hivyo kwa hasira za upande wa pili, sikatai. Lakini hakuna aliyejishughulisha kutenganisha hizi na zile.

Wiki tatu baadaye, Mei 23, ukaja uchaguzi wa Bunge la Ulaya, uchaguzi ambao kama ahadi zingetimizwa usingekuwepo. Farage alikuwa amezindua chama kipya, Brexit Party, Aprili 12 kule Coventry, mwendo mfupi kutoka hapa. Kwa wiki sita chama hicho kikachukua viti 29 na kuongoza nchi. Conservative, chama tawala, kilipata karibu asilimia 9 tu ya kura, nyuma ya Greens. Sidhani kama wengi wa waliokipigia Brexit Party walijua sera zake nyingine. Sijui hata kama kilikuwa nazo. Ilikuwa bakora.

Siku hiyohiyo palitokea jambo ambalo watu wa ukumbi huu wanalijua vizuri kuliko magazeti. Safari hii raia wa nchi za Ulaya walikuwa na haki ya kupiga kura. Lakini walitakiwa wajaze fomu ya ziada kutamka kwamba hawatapiga kura katika nchi zao, na muda ulikuwa mfupi mno, maana serikali ilikuwa imeng'ang'ania mpaka mwisho kwamba uchaguzi hautafanyika. Mama mmoja Mkongomani wa mtaani kwetu, mwenye pasi ya Ubelgiji, alivaa kitenge chake kizuri akaenda kituoni na kadi yake ya kupigia kura iliyotumwa kwa posta. Kijana mezani akalitafuta jina, akalipata, lina mstari juu yake. Akamwambia, samahani mama, akapige Ubelgiji. Yule mama akauliza kwa utulivu kabisa: leo? Nchi nzima waliorudishwa kama yeye walikuwa wengi. Na hapa hakuna chama kilichofanya njama. Ni uzembe uliotokana na watu waliokuwa wamekazana kuangaliana wao kwa wao.

Yaliyofuata nayapitia haraka. May akalia, akaondoka. Boris Johnson akaingia Julai. Septemba akawafukuza wabunge 21 kutoka kundi la chama chake bungeni kwa kumpinga, akiwemo Nicholas Soames, mjukuu wa Churchill. Akalisimamisha bunge, na majaji 11 wa Mahakama ya Juu wakasema kwa sauti moja kwamba ni kinyume cha sheria. Kila upande ukapata ushahidi mwingine wa kile ulichokwisha kuamini.

Desemba 12, 2019 ndipo hesabu ilipofungwa. Johnson alikuja na kaulimbiu ya maneno matatu, kwamba tuimalize Brexit. Labour walikuja na msimamo kwamba watafanya mazungumzo upya, walete mkataba mpya, kisha wauweke kwenye kura ya maoni nyingine, na kiongozi wao hatachukua upande. Jaribuni kuusema huo mlangoni kwa mtu, mvua inanyesha, mbwa anabweka.

Tazameni Bolsover, jimbo la wachimba makaa, si mbali na hapa, kaskazini kidogo. Dennis Skinner, mchimba makaa mwenyewe, alikuwa mbunge wake tangu 1970. Zaidi ya asilimia 70 ya watu wa wilaya ile walitaka kutoka. Na Skinner mwenyewe alitaka kutoka! Alikuwa nao kwenye jambo lenyewe. Wakamwondoa, wakaweka Conservative kwa mara ya kwanza tangu jimbo liundwe. Kwa mimi Bolsover inamaliza ubishi. Hawakumwadhibu mtu kwa maoni yake juu ya Ulaya. Waliadhibu beji. Johnson naye, kwa sifa yake, alilijua hilo. Kesho yake alisema wazi kwamba watu wengi wamemwazima tu kura zao.

Kura ya kuazima hudaiwa. Nilisema nitarudi kwa akina Patel na Sunak. Patel akawa waziri wa mambo ya ndani, Sunak akafika kuwa waziri mkuu. Uhuru wa watu wa Ulaya kuja kufanya kazi ukafungwa mwisho wa 2020, ukaja utaratibu wa viza kwa alama kwa wote. Na matokeo yake? Idadi ya wahamiaji ikapanda hadi viwango ambavyo havijawahi kuandikwa, wengi wakitoka India, Nigeria na kwingineko nje ya Ulaya. Baadhi yenu mmekuja kwa viza zile za kazi ya kuhudumia wazee, karibuni sana. Nafurahi mko hapa. Lakini yule bwana wa Boston aliyeambiwa kwamba kutoka kutapunguza wageni, mnadhani alijisikiaje? Na ndugu yetu aliyepiga kura ya kutoka ili mama yake apate viza kirahisi, je, alipata? Masharti ya kipato kwa anayetaka kuleta mke au mume yalipandishwa 2024 hadi pauni 29,000 kwa mwaka. Wote wawili walipigwa chenga na chama kilekile.

Halafu watu wananiambia hayo yamepita, Labour walishinda Julai 2024, mambo yametulia. Walishinda, ndiyo: viti 411. Kwa asilimia ngapi ya kura? 33.7. Theluthi moja ya kura imeleta karibu theluthi mbili ya bunge. Reform, chama cha Farage cha sasa, kilipata kura zaidi ya milioni nne na viti vitano. Liberal Democrats, waliopata kura chache kuliko hizo, walipata viti 72. Kati ya walioandikishwa, wawili katika kila watano hawakwenda kabisa. Ukiniuliza hasira zimekwenda wapi, sehemu yake iko kwa hao waliobaki nyumbani.

Na sehemu nyingine ilikuwa hapahapa. Mwaka ule Labour walipokuwa wanazoa viti nchi nzima, Leicester South walimpoteza Jonathan Ashworth, aliyekuwa anatarajiwa kuingia baraza la mawaziri, kwa mgombea binafsi aliyesimama kwa ajili ya Gaza. Leicester East, ngome yao ya miongo, kura ziligawanywa na wabunge wawili wa zamani wa Labour waliosimama kivyao, na kiti kikaenda kwa Conservative, kiti pekee ambacho Conservative walikinyakua usiku ule nchi nzima. Nilikuwa nimeongea na mgonga milango mmoja wa chama wiki mbili kabla. Nikamuuliza, mmepita mtaa wetu? Akaniambia hapana, huko ni kwetu, tumepeleka watu kwenye majimbo yenye ushindani.

Nimemaliza. Mwenye swali anyooshe mkono, na tafadhali liwe swali.